Kidonge Chenye Jina la Sumu

Windsor, Ontario
3 Oktoba 1993

Kaka yangu Orest,

Asifiwe Yesu Kristo. Najua utaitikia hata kama umenikasirikia, maana mama hakuturuhusu kuiacha salamu hiyo bila jibu.

Mimi ni mzima. Mwanangu Taras bado yuko kiwanda cha magari, zamu ya asubuhi. Mkewe amejifungua mtoto wa pili, msichana, wamemwita Larysa, ana mapaja mazito kama mikate ya Pasaka. Mimi nimestaafu kushona mapazia ya watu. Sasa nashona ya kwangu, na bado hayajaisha.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Myrna alinipigia simu jana. Binti yako ana moyo mzuri, sijui aliutoa wapi. Ameniambia ulipasuliwa mguu Winnipeg mwezi wa nane, ukalazwa siku kumi na mbili, na kwamba ulimkataza asinieleze. Miaka minne sasa hatuandikiani ila kadi ya Krismasi yenye jina lako chini na basi, kwa hiyo sitalalamika sana. Lakini mguu, Orest! Mtu anapasuliwa mguu mzima toka juu mpaka chini na dada yake anasikia baada ya wiki sita?

Nimekupigia mara tatu. Kila mara unasema, "Nani? Sisikii," unakata. Sikio lililoharibiwa na trekta ni la kushoto, na simu unaishika kulia. Nakujua. Kwa hiyo naandika, barua haikatwi.

Niambie mambo matatu. Walikufanya nini? Wamekupa dawa gani? Unazimeza? Usinijibu "niko sawa." Hilo ulilisema hata ulipoanguka kutoka paa la zizi.

Dada yako,
Stefania


Karibu na Dauphin, Manitoba
24 Oktoba 1993

Stefania,

Asifiwe milele na milele.

Barua yako nimeipata. Mpongeze Taras kwa mtoto. Hapa shayiri imevunwa, ngano imevunwa, si kwa mikono yangu. Gilbert Ladouceur, jirani wa upande wa mto, alimaliza yake akaja na mashine yake akamaliza na ya kwangu. Nilikaa kwenye kiti mlangoni nikimwelekeza, akaniambia, "Mzee, ukinionyesha kidole tena naenda nyumbani." Basi nikakiweka kidole mfukoni.

Uliuliza, nakujibu. Tangu mwaka jana nilikuwa nikitembea kutoka nyumbani kwenda ghalani, nikifika katikati shavu la mguu wa kulia linakaza kama limebanwa kwa koleo. Nasimama, linaachia. Natembea, linabana. Nikadhani ni uzee. Baadaye kidole kidogo cha mguu kikaota kidonda kisichopona, na nikawa silali isipokuwa nimeuning'iniza mguu nje ya kitanda. Myrna aliona kidonda akanipakia kwenye gari bila kuniuliza.

Daktari mpasuaji ni mwanamke, Halldorson, wa huko Gimli kwenye kijiji cha wavuvi. Mikono yake mikubwa kama ya mkamua ng'ombe, nilimwamini kwa hilo. Akasema mshipa unaopeleka damu mguuni umeziba juu ya goti, kwa sigara zangu za miaka hamsini. Akachukua mshipa mwingine wa pajani mwangu mwenyewe, akaushona juu ya pale palipoziba na chini yake, damu ikapita pembeni. Mguu ukapata joto siku hiyo hiyo. Nina kovu refu, kama zipu ya gunia.

Dawa ni mbili. Aspirini kila asubuhi, hiyo sina ugomvi nayo. Ya pili ni ya kuzuia damu isigande ndani ya ule mshipa walioupachika. Kila Jumanne nakwenda kliniki ya mjini, nesi Lorraine ananitoa damu na kuniambia nimeze kiasi gani. Jina la hicho kidonge cha pili nimelisoma kwenye chupa. Tuyaache hayo.

Sigara nimeacha.

Mwezi wa sita niliweka jiwe kwenye kaburi la Olena wangu. Jiwe zuri, la kijivu. Nadhani ungependa kujua.

Orest


Windsor
6 Novemba 1993

Kaka yangu,

Asifiwe Yesu Kristo. Larysa ameota jino, mapema kuliko watoto wote wa mtaa huu, na Taras anatembea kama yeye ndiye aliyeliotesha. Hapa mvua tu. Nyie najua mmeshaanza kuzoa theluji.

Nimesoma barua yako mara nne. Mungu ambariki huyo daktari mwenye mikono ya mkamuaji. Sasa nikuulize: "tuyaache hayo" maana yake nini? Nimekuuliza kama unazimeza, ukanijibu kwamba umesoma jina. Hukunijibu.

Nisikilize. Huo mshipa walioupachika ni mgeni pale ulipo. Damu ikipita ndani yake inaona mishono, inaona kona mpya, inataka kuganda. Miezi ya kwanza ndiyo ya hatari. Damu ikiganda humo, kazi yote ya daktari Halldorson imekwenda, na mara ya pili huenda wasipate mshipa mwingine wa kushona. Hicho kidonge ndicho kinachozuia. Kimeze saa ile ile kila siku, jioni ndiyo nzuri. Usiruke Jumanne ya Lorraine hata moja. Na kabichi, Orest! Najua lile pipa lako la kabichi ya kuchachusha. Kula, ila kiasi kile kile kila wiki. Usile mlima Jumapili halafu ukakaa siku kumi bila jani. Mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa, na damu yako itakuwa inapanda na kushuka mpaka Lorraine achanganyikiwe. Ukijikata unaponyoa na damu haikomi, au ukiona mkojo mwekundu, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Na usimeze dawa ya maumivu ya dukani bila kuwauliza.

Utasema nimejuaje. Huku watu wanaongea, nami nina masikio.

Stefania


Karibu na Dauphin
28 Novemba 1993

Stefania,

Asifiwe milele.

Nimechelewa kujibu, kulikuwa na baridi na kazi. Theluji imefika dirishani. Gilbert amenifyekea njia kwa trekta lake. Nina paka mpya, kipofu wa jicho moja, anakamata panya kuliko yule wa zamani aliyekuwa na yote mawili.

Na kwa kuwa tumefika kwenye panya. Unalikumbuka lile kopo jekundu la ghalani, lililokuwa juu ya boriti tusiloruhusiwa kuligusa? Baba alianza kulinunua mwaka ule panya walipokula mbegu zote. Mimi nimeendelea. Miaka thelathini na kitu nachanganya na shayiri, naweka kwenye pembe. Baada ya siku nne tano nawaokota. Wanatokwa damu puani, Stefania. Wengine damu imejaa tumboni. Mwanzoni mwa mwezi huu nilipanda ngazi kwa mguu wangu huu wa zipu, nikalishusha lile kopo nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo. Kisha nikashuka nikaleta chupa ya kliniki nikaziweka mezani pamoja. Jina moja. Herufi kwa herufi.

Nameza ninachopaswa kumeza. Mguu uko vizuri. Jumanne mbili hizi barabara ilikuwa barafu tupu, nikamwambia Lorraine nitakuja ikiyeyuka.

Na jambo jingine, kwa kuwa umeamua kuwa daktari wangu wa posta. Olena alipolazwa pale kanisani siku tatu kabla ya kuzikwa, watu walitoka Edmonton, walitoka Thunder Bay. Binamu yake mwenye magongo alikuja kwa basi. Wewe ulimtuma mwanao apige simu kusema kazi imebana. Kazi ya mapazia. Mtu aliyeshindwa kuacha cherehani siku tatu kumzika mke wa kaka yake asinihesabie majani ya kabichi.

Orest


Windsor
9 Desemba 1993

Orest,

Asifiwe Yesu Kristo. Leo sina habari za mtoto wala za mvua. Barua yako imefika saa nne na sasa ni saa sita, nataka iondoke na posta ya leo kwa njia ya haraka.

Umeacha kidonge. Hukusema, lakini umeacha. Mtu anayemeza haandiki ukurasa mzima wa panya.

Basi nikuambie. Nami nakimeza hicho hicho. Kila jioni saa kumi na mbili, miaka minne sasa. Jina moja na la kopo lako, herufi kwa herufi. Mimi ni panya wa miaka sitini na moja, na bado sijaokotwa pembeni mwa ghala.

Siku Olena alipofariki nilikuwa nimelazwa. Wiki moja kabla nilivimba mguu wa kushoto nikadhani ni kukaa kwenye cherehani. Jumatano nikiwa napanda ngazi pumzi ikakatika, kifua kikachoma kama mkuki. Damu ilikuwa imeganda mguuni, kipande kikakatika kikaenda kwenye pafu. Taras alipopata simu yako nilikuwa na mpira wa hewa puani na dripu mkononi. Nikamshika shati nikamwambia, "Mwambie kazi imebana." Akalia akasema, "Mama, siwezi kumwambia mjomba hivyo." Nikamwambia, "Utamwambia. Amebeba jeneza moja, usimpe la pili."

Nilikuwa na nia ya kukueleza baada ya arobaini. Lakini ukaleta kile kikadi cha shukrani ulichowatumia watu wote, chenye jina langu limeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Nami nikakasirika, Orest. Nilikasirika kwamba uliamini. Miaka yote ile ya kulala kitanda kimoja cha majani, ya kukimbizwa na fahali mmoja, halafu unaamini kwamba mimi nimebaki kwa ajili ya mapazia. Nikasema kama ameamini, na aamini. Mwaka uliofuata damu ikaganda tena, ndipo wakaniambia dawa hii ni ya maisha. Sikukueleza hilo pia. Huo ni ujinga wangu, na sitaki ukugharimu mguu.

Sasa habari ya panya. Panya anakula mpaka ashibe, kesho anarudi anakula tena, na hakuna nesi anayemchoma kidole kumpima. Mimi napimwa. Damu ikiwa nyepesi mno wananiambia niruke siku moja, ikiwa nzito wananiongezea nusu kidonge. Kazi yote iko kwenye kipimo. Ndiyo maana ya Jumanne za Lorraine. Kinachomwua yule ni kile kile kinachonifanya mimi nipande ngazi, kwa kiasi kingine. Niliwauliza, maana nami nililikumbuka lile kopo. Siku ya kwanza nilikitazama kile kidonge mkononi nusu saa nzima. Kisha nikamkumbuka mtoto wa Taras aliyekuwa hajazaliwa bado, nikameza.

Orest, shika mguu wako sasa hivi. Ushike kwa mkono, na ule wa pili pia, ulinganishe. Ukiwa wa baridi, au mweupe, au huusikii vizuri, usimalize kusoma. Mwite Gilbert. Usingoje Jumanne, usingoje kesho. Ni suala la saa.

Ukiwa wa joto, nenda kliniki hata hivyo, uwaambie ukweli. Usianze kumeza mwenyewe kwa kukisia, wapime kwanza.

Niandikie. Hata matusi.

Stefka wako


Windsor
22 Desemba 1993

Kaka,

Natuma hii hospitali, wodi aliyoniambia Myrna. Amepiga simu: umepasuliwa tena na mguu upo. Nilimwambia arudie hilo la mwisho, akarudia mara tatu. Zaidi amekataa kusema, anasema utaandika mwenyewe, na safari hii hakukatazwa bali umemwomba.

Sitakusumbua kwa maswali. Nina swali moja tu, kama barua yangu ilikufikia kabla au baada. Nimekuwa nikikata kitambaa vibaya wiki nzima kwa kuwaza hilo.

Larysa anakusalimia. Yaani amepiga kelele, mimi nimetafsiri.

S.


Brandon, Manitoba
8 Januari 1994

Stefka, dada yangu,

Kristo amezaliwa! Itikia huko huko.

Niko kwa Myrna. Waliniruhusu tarehe thelathini, na Myrna hakutaka hata kusikia habari za kurudi shambani kabla ya sikukuu. Juzi tulikula chakula kitakatifu cha mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya kale, sahani zote kumi na mbili, na wewe ungecheka. Myrna alinipakulia vifurushi vya kabichi viwili, akaviweka kwenye sahani yangu kama anahesabu mayai, akasema, "Baba, viwili. Shangazi amesema kiasi kile kile." Nikamwuliza shangazi ameanza lini kutawala meza hii. Akasema, "Tangu tarehe tisa Desemba."

Unataka kujua kabla au baada. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Sikumeza kile kidonge tangu tarehe kumi Novemba. Umenishika. Nilikuwa nakitoa kwenye chupa kila jioni nikikitupa jikoni motoni, ili Myrna akija kuhesabu akute vimepungua. Na sigara sikuacha yote. Moja kwa siku, nyuma ya ghala. Hayo ndiyo yalikuwa ndani ya ile barua yangu ya kiume.

Tarehe kumi na sita, Alhamisi, niliamka mguu umekufa ganzi. Nikajiambia nimeulalia. Nikavaa soksi mbili. Nikatengeneza kahawa nikiwa nimeegemea meza. Shavu la mguu lilikuwa linauma bila hata kutembea, nikasema ni baridi. Ningeendelea kusema hivyo mpaka jioni, nakuambia ukweli.

Saa nne Gilbert akaja na posta yangu, huwa anaichukua njiani. Akaketi, nikammiminia kahawa, nikafungua barua yako kwa kuwa ilikuwa na muhuri wa haraka, nikadhani kuna msiba. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye mpira wa hewa puani nikasimama. Gilbert akasema, "Nini?" Nikasema, "Dada yangu alikuwa anakufa siku niliyomzika Olena, na mimi nimemchukia miaka minne." Gilbert akaweka kikombe chini. Yeye si mtu wa maneno. Akasema, "Endelea kusoma."

Nikaendelea. Nilipofika pale uliposema niushike, nikavua soksi. Stefka, ilikuwa kama kushika samaki aliyetoka kwenye friza. Mweupe, na mistari ya bluu. Nikamwambia Gilbert aushike na yeye. Akaugusa, akainuka, akachukua koti langu na lake.

Nikasema, "Ngoja nifunge paka."

Akasema, "Paka ana akili kuliko wewe, atajifunga mwenyewe. Twende."

Alinibeba. Mimi, kilo tisini. Alinipakia kwenye pikapu kama ndama mgonjwa, akaendesha kwenye ile barafu niliyomwambia Lorraine haipitiki. Inapitika. Mjini hawakunikawiza hata dakika, wakanichoma sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, wakanitia kwenye ndege ndogo ya wagonjwa. Mchana huo huo nilikuwa Winnipeg.

Daktari Halldorson alikuja akiwa tayari amevaa kofia ya upasuaji. Akaweka vidole vyake kwenye mgongo wa mguu, akatafuta mpigo, hakuupata. Akaniuliza, "Bwana Bodnaruk, mara ya mwisho umemeza warfarini lini?"

Nikasema, "Juzi."

Akasema, "Juzi ya mwezi gani?"

Nikamwambia yote. Kopo, panya, moto wa jikoni. Nilitegemea atanifokea. Alivuta kiti akaketi, na watu wanamngoja mlangoni, akasema, "Hilo kosa ni letu pia. Wakulima wote wa mkoa huu wanalijua hilo jina, na sisi tunawapa chupa bila neno. Babu yangu angeitupa ziwani." Kisha akasema, "Nitajaribu kulitoa hilo bonge la damu lililokwama. Nikishindwa, nitaukata mguu chini ya goti. Nataka usaini kwa yote mawili."

Nikasaini. Jina halikusomeka.

Aliupasua mshipa mahali padogo, akaingiza mpira mwembamba wenye puto dogo mbele, akaupitisha mpaka ng'ambo ya lile bonge, akalijaza puto akavuta. Bonge likatoka zima, anasema, refu kama mnyoo wa ardhini. Nilipoamka nilikuwa siwezi kutazama chini. Nesi mmoja Mfilipino akaniuliza kwa nini nimefumba macho. Nikamwambia nataka kwanza niambiwe. Akacheka akanifinya kidole gumba cha mguu. Niliruka! Nikalia, Stefka, mtu mzima, kwa sababu nimefinywa.

Kidole kidogo kimekwenda, kile chenye kidonda. Sitakikumbuka sana, hakikuwahi kunisaidia kitu. Mguu ni wa joto. Naumeza ule mchanganyiko wote sasa, aspirini asubuhi na kile kingine saa kumi na mbili jioni. Saa yako. Sigara nimeacha, na safari hii Myrna amenusa makoti yote.

Barua ilikuja kabla. Daktari alisema saa mbili tatu zaidi, asingekuwa na cha kujaribu.

Sasa lile lingine, ambalo ni gumu kuliko la mguu. Niliamini. Umesema kweli, niliamini. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia, maana Olena nisingeweza kumkasirikia na Mungu nilimwogopa. Ulikuwa mbali, ukafaa. Unisamehe. Najua neno hilo sijawahi kukuandikia, nimemwuliza Myrna kama limekaa sawa akasema limekaa sawa.

Kaka yako,
Orest


Windsor
20 Januari 1994

Orest wangu,

Mtukuzeni! Nimeitikia, hata kama nimechelewa wiki mbili.

Barua yako nimeisomea jikoni, nimesimama, na koti bado mwilini. Nilipofika kwenye kufinywa gumba nikakaa chini sakafuni. Taras alinikuta hapo akadhani pafu limerudi. Nikampa asome. Amesoma, akatoka nje akaenda kupangusa theluji kwenye gari lililokwisha kupanguswa.

Nimekusamehe. Nawe unisamehe kwa ule uongo, ulikuwa wangu, nilimvisha mtoto wangu. Taras amenikumbusha hilo kwa adabu zote, na ana haki.

Sasa acha nikutukane kidogo, nimeyaweka tangu Desemba. Moto wa jikoni! Ulikuwa unachoma dawa kila jioni kwa utaratibu ule ule ambao ungetosha kuimeza. Umepata kazi ya kufuata saa bila faida ya saa. Mjinga wa kwanza Manitoba, na mimi ni wa kwanza Ontario, mama angekuwa hai angetupiga wote kwa mwiko ule mmoja.

Dereva wako Gilbert namshonea shati. Niandikie kipimo cha shingo yake. Usimwambie.

Kanisa letu litafanya panakhyda, ibada ya kumwombea marehemu, kwa ajili ya Olena Jumapili ijayo, nimeliandikisha jina lake mwenyewe kwa mkono wangu. Nitaimba. Sauti imeharibika lakini padre wetu naye hasikii vizuri.

Daktari wangu ameniruhusu kusafiri mwezi wa tano, kwa treni, mradi nisikae kwenye kiti zaidi ya saa moja bila kuinuka kutembea. Nitavaa soksi zangu za kubana, nitatembea ndani ya behewa kutoka Toronto mpaka kwako, watu wadhani nimepoteza mtoto. Niambie kama unanitaka.

Stefka


Karibu na Dauphin
3 Mei 1994

Stefka,

Kristo amefufuka! Juzi padre alituzungusha kanisa mara tatu alfajiri na mishumaa, kuna matope mpaka kwenye vifundo, na mimi nilizunguka zote tatu nyuma ya msalaba. Padre alikuwa amenitayarishia kiti. Mzee Semchuk amekikalia.

Shati la Gilbert limemkaa. Alilivaa kanisani, yeye ambaye si wa dhehebu letu, akasimama nyuma karibu na mlango kama mwizi. Mikate ilipobarikiwa nilimpa kikapu kizima. Alisema ni kwa ajili ya petroli.

Uliuliza kama nakutaka. Myrna amekwisha kuosha chumba, kwa hiyo jibu lilitolewa bila mimi. Treni ya Winnipeg inafika Dauphin asubuhi. Nitakuwa nimesimama pale, usipeleke macho kwenye viti.

Leo ilikuwa Jumanne. Nilikwenda kliniki, damu imetulia, Lorraine anasema wiki ya tano sasa hajabadilisha kipimo. Nilikuwa nimeshavaa kofia, akaniita, "Bwana Bodnaruk, rudi, tumeletewa mashine mpya, nataka kuijaribia kwako." Ni kitu kidogo kama kalamu, kina waya unaokwenda kwenye kisanduku. Akanivua kiatu, akanipaka mafuta ya baridi kwenye mgongo wa mguu, akaigusisha ile kalamu. Kwanza kelele tu, kama redio isiyoshika. Akaisogeza kidogo.

Halafu ikasikika. Shwaa. Shwaa. Shwaa. Kama mtu anafagia ghala zuri kavu, bila haraka.

Nikamwuliza, "Hiyo ni nini?"

Akasema, "Ni wewe. Hiyo ni damu yako inapita kwenye ule mshipa."

Nilikuwa nimegeuza sikio langu la kulia, lile ulilolisema. Nilisikia vizuri kabisa. Watu walikuwa wanangoja nje, mama mmoja na mtoto anayekohoa, na Lorraine akanyoosha mkono aitoe. Nikamshika kiganja.

Nikamwambia, "Mwache huyo aendelee kidogo."

Akaketi, akaishikilia pale pale, tukasikiliza wote wawili.

Njoo.

Orest